SOMO LA MWEZI: Tuweke programu gani ya kurekodi na kupiga muziki?

Wapendwa, tunawasalimu ninyi nyote mlioko Kilembe, Kasese mjini, Bwera na Mpondwe, pamoja na wenzetu wa Rwamwanja na Kyaka ambao jarida hili linawafikia kwa kupitishwa mkono kwa mkono. Tunawasalimu pia majirani zetu wenyeji ambao mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliwatoa katika nyumba zao. Ninyi nanyi mnajua maana ya kuamka mahali pasipo pako.

Viongozi wa kwaya na vijana wametuuliza swali moja kwa namna nyingi. Wengine wanasema: tumepata kompyuta moja, tuweke programu gani ili turekodi nyimbo zetu? Wengine wanataka kupiga muziki kwenye harusi, yaani kazi ya dijei, wapate shilingi za kusaidia nyumbani. Wengine wameambiwa na fundi wa mjini kwamba bila programu ya bei kubwa hakuna studio. Mwezi huu tujifunze jambo hili pamoja, polepole, tukianza na sababu yake.

KWA NINI TUREKODI

Wazee wengi wanaikumbuka Kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu. Wako vijana wanaoimba nyimbo zake bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Ulyankulu ni makazi katika mkoa wa Tabora, Tanzania, yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Makazi yale yalipangwa kwa barabara zenye namba, na watu wakajulikana kwa namba ya barabara yao. Kwaya ikachukua jina la barabara yake. Nyimbo zikaingia kwenye kanda za kaseti, zikasafiri kwenye mabasi na mikoba ya wasafiri, zikavuka mipaka ambayo waimbaji wenyewe hawakuweza kuivuka kirahisi. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi lile la 1972. Mengi yamebadilika pale, lakini sauti ya barabara ile ingali inasikika.

Hawakuwa na kompyuta wala hawakujua neno programu. Walikuwa na nyimbo zilizofanyiwa mazoezi ya kutosha, na mtu wa kubonyeza kitufe cha kurekodi kwa wakati. Tunawaambia hili mapema kwa sababu kuna vijana wanaodhani programu ndiyo inayoimba. Katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 15, Kenania aliwekwa kusimamia uimbaji kwa sababu alikuwa stadi, si kwa sababu alikuwa na chombo kizuri kuliko wenzake.

Kwetu hapa nyimbo ziko vichwani. Mama aliyetoka upande wa Beni au Kasindi anajua wimbo wa Kinande ambao jirani yake Mkonzo wa Bwera anaufahamu kwa maneno karibu yale yale, kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu na mto Lhubiriha uliwekwa mpaka katikati yao. Mama huyo akihamia nchi nyingine, au akilala usingizi wa mwisho, wimbo unaondoka naye.

KIPIMO CHA KWANZA

Watu wengi huuliza: ni programu ipi iliyo bora? Sisi tunashauri muulize hivi: huyu kijana anayeijua kompyuta akiondoka kesho, nani ataweza kuifungua kazi yetu?

Tunaifahamu kwaya moja, ambayo hatutaitaja, iliyokuwa na kijana hodari. Alikuwa na laptopu yake na programu kubwa aliyoipata kwa njia ya wizi, ile inayovunjwa kufuli. Kwa mwaka mzima alirekodi nyimbo za kwaya, na kila mtu alifurahi. Kisha familia yake ikapata safari ya kwenda kuishi ng'ambo. Alipoondoka aliacha flashi yenye kazi yote. Kwaya ilipoipeleka kwenye kompyuta nyingine, mafaili hayakufunguka, maana yalihitaji programu ile ile, toleo lile lile, na vyombo vya ziada alivyokuwa ameviongeza mwenyewe. Kumi na moja zilikuwa nyimbo zao. Zilizopona ni mbili tu, kwa sababu mtu alikuwa amezituma kwenye simu ya shangazi yake. Katika zile tisa zilizopotea, aliyeanzisha sauti alikuwa mama mzee ambaye leo hayupo.

Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Lakini watu kama sisi, ambao kila mwaka tunaagana na mtu anayehamishwa, tunahitaji programu ambayo wa pili na wa tatu wanaweza kuipata bila kununua, kuijifunza kwa juma moja, na kuifungua kwenye kompyuta yoyote. Mkikishika kipimo hicho, programu nyingi zinazosifiwa zinajiondoa zenyewe.

KAZI TATU ZISIZOFANANA

Fundi akikwambia "programu ya muziki", mwulize ni ya kazi gani. Kurekodi ni kuchukua sauti za watu na vyombo kwa kipaza sauti, kuzisafisha na kuzipanga. Kutengeneza biti ni kupanga ngoma na vinanda ndani ya kompyuta bila mtu kupiga chombo. Udijei ni kupiga nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, ukiziunganisha ili sherehe isipoe. Kila kazi ina programu yake. Tumeona watu wakinunua ya biti wakati walichotaka ni kurekodi akina mama kumi na wawili na ngoma moja.

KUREKODI: ANZENI NA AUDACITY

Kwa kwaya inayoanza, shauri letu ni Audacity, na hatusitisiti. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ni ya bure tangu siku hiyo hadi leo, ingawa tangu 2021 inasimamiwa na kampuni ya Muse Group. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Kuna jambo hapa ambalo Mkristo angependa kulijua. Leseni ya programu hii inamruhusu mtu kuinakili na kumpa jirani. Mmoja akienda Kasese mjini akaipakua kwenye flashi, anaweza kuipeleka kwenye kompyuta zote za kanisa bila kuvunja sheria yoyote. Hakuna kufuli la kuvunja, wala virusi vinavyokuja na zile za kuvunjwa. Pakueni tu kutoka kwenye tovuti yenyewe ya Audacity, maana wako watu wanaoifungasha upya na kuchanganya uchafu. Kama kompyuta yenu ni ya zamani na toleo jipya linagoma, yapo matoleo ya zamani yaliyohifadhiwa. Na wale waliosoma shule Congo wataona vyepesi zaidi wakibadilisha maandishi yake yawe ya Kifaransa. Inawezekana, katika sehemu ya mipangilio.

Mkiifungua, msiogope vitufe vingi. Kwa mwezi wa kwanza mnahitaji vinne: duara jekundu la kurekodi, mraba wa kusimamisha, pembetatu ya kusikiliza, na sehemu ya kuchagua kipaza sauti. Wengi hurekodi nusu saa kwa maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya laptopu wakidhani wanatumia ile ya nje waliyoichomeka. Gongeni kichwa cha maikrofoni kwa ukucha na mwangalie kama mstari unaruka.

Mstari unaoruka ndio mwalimu wenu. Waimbaji wakiimba kwa nguvu zao zote, mawimbi yafike kama nusu ya njia kuelekea ukingoni. Yakigonga ukingo, sauti imekatika kichwa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ni afadhali sauti iwe ndogo mkaiongeza baadaye. Waimbishaji wetu wana desturi ya kujaribu kwa sauti ya chini, halafu roho ikiwaka wanapaza mara tatu. Basi pimeni kwa kile kipande cha mwisho cha wimbo, pale watu wanapopiga vigelegele.

Kabla ya wimbo kuanza, acheni sekunde 5 za kimya huku mashine inarekodi. Kimya hicho kina faida mbili. Kwanza, msemaji mmoja ataje jina la wimbo, jina la kwaya, mahali na tarehe, kisha watu watulie. Miaka kumi ijayo mtu atashukuru. Pili, Audacity inaweza kujifunza kelele ya chumba kutoka kwenye kimya hicho na kuipunguza katika wimbo wote. Mnachagua sekunde zile kwa kipanya, mnaiambia programu kwamba hii ndiyo sampuli ya kelele, kisha mnachagua wimbo mzima na kuipunguza. Kidogo tu. Ukiipunguza sana, waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pipa la maji.

Rekodini kila wimbo mara tatu, bila kusimama katikati. Chagueni ulio bora. Kukata na kuunga vipande inawezekana, lakini kwaya isiyo na mpigo wa kompyuta haiendi kwa kasi moja, na mahali pa kiungo panasikika kama mtu aliyejikwaa.

Mkimaliza, hifadhini mara mbili. Tangu mwaka 2021, Audacity inahifadhi kazi nzima katika faili moja. Matoleo ya zamani yalikuwa na faili pamoja na folda yake, na watu walipoteza nyimbo kwa kunakili faili na kuiacha folda. Lakini faili la kazi si wimbo, na simu haiwezi kulicheza. Lazima mtoe wimbo wenyewe, kwanza kama WAV na kisha kama MP3. WAV ya ubora wa kawaida wa CD inachukua karibu MB 10 kwa kila dakika. MP3 ya kiwango cha 128 inachukua karibu MB 1. Wimbo wa dakika 5 utakuwa MB 50 katika WAV na MB 5 katika MP3. MP3 ndiyo ya kugawa na kutuma. WAV ndiyo mbegu, nayo haigawiwi ikaisha.

MAHALI PA KUREKODIA

Hapa tutakaa kidogo, maana katika bonde letu jambo hili linashinda programu zote.

Wanaokaa Kilembe wanaujua mvumo wa Nyamwamba. Tumeuzoea hata hatuusikii, lakini maikrofoni haijauzoea. Mvumo wa mto una sauti nzito na sauti nyembamba pamoja, kama upepo usiokoma, na hakuna kichujio cha kompyuta kitakachouondoa wote bila kula sauti za waimbaji. Kwa hiyo msirekodi katika nyumba inayotazama mto. Tafuteni nyumba ambayo kilima au safu nyingine ya nyumba imesimama katikati. Zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, zenye kuta nene, zina vyumba vinavyofaa kuliko kanisa la mabati lenye ukubwa mara kumi.

Bati ni adui wa pili. Mvua ikianza, fungeni kompyuta mwende nyumbani. Hata bila mvua, bati na sakafu ya saruji vinarudisha sauti, na maneno yanapandana. Tandikeni mikeka sakafuni, tundikeni mablanketi kwenye kuta mbili zinazotazamana, simamisheni magodoro nyuma ya waimbaji. Haigharimu kitu, isipokuwa kuwaomba akina mama magodoro yao mchana kutwa.

Kama mna maikrofoni moja, panga watu, usipange vitufe. Wasimame nusu duara, hatua mbili au tatu kutoka kwenye maikrofoni. Mwenye sauti kali arudi nyuma, mwenye sauti ndogo asogee mbele. Ngoma ikae mbali kabisa, hata mlangoni, maana ngoma iliyo karibu inameza watu wote. Rekodini kipande, sikilizeni, mhamisheni mtu mmoja, rekodini tena. Saa nzima inaweza kwisha hivyo kabla ya wimbo wa kwanza, na si saa iliyopotea.

Tunapendelea laptopu kuliko kompyuta ya mezani, hata kama ya mezani ina nguvu zaidi. Sababu ni umeme. Mgodi wa Kilembe ulijijengea kituo chake cha umeme wa maji kwenye mto Mubuku, lakini nyumba zetu nyingi bado zinangoja jua lipande kwenye sola. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, laptopu yenye betri nzima inaendelea. Tena ukirekodi kwa betri, bila waya wa umeme, ule mngurumo mwembamba unaoingia kutoka kwenye chaja mbovu unaondoka.

MKISHAKUA KIDOGO

Baada ya miezi kadhaa, kwaya nyingine itataka kurekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na gitaa, kila moja peke yake. Audacity inaweza, mradi anayeimba avae hedifoni ili sauti ya kumwongoza isiingie tena kwenye maikrofoni. Lakini kama kazi hiyo ndiyo itakuwa ya kila juma, tazameni Reaper. Ni programu ndogo kwa ukubwa, inayoendeshwa hata na kompyuta za kawaida. Mnaijaribu siku 60 bure, kisha leseni ya mtu mmoja mmoja ni dola 60 za Marekani. Siku hizo zikipita haijifungi. Inaendelea kufunguka huku ikikukumbusha kulipa. Hapo mtu anabaki na dhamiri yake. Kwa kipimo chetu cha kwanza, Reaper inapita kwa shida kidogo: inapatikana kwa kila mtu, lakini kuijifunza kunahitaji uvumilivu.

Mtasikia pia GarageBand ikisifiwa. Ni nzuri na nyepesi, ila inafanya kazi kwenye vifaa vya Apple peke yake. Mgeni akija nayo mwambieni asante, lakini msijenge kazi yenu juu yake.

KUTENGENEZA BITI

Katika Afrika ya Mashariki yote, ukiingia studio ya mtaani utakuta FL Studio. Wengine bado wanaiita Fruity Loops, jina lake la kabla ya mwaka 2003. Inatoka Ubelgiji, ni chombo kizuri, na aliyeinunua hupata matoleo mapya bila kulipa tena. Yako toleo la kujaribu bila malipo, ila mjue mtego wake: linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini huwezi kuifungua tena kazi hiyo mpaka ununue. Kijana asiyejua hili hufanya kazi siku tatu, anazima kompyuta, na kesho yake anakuta mlango umefungwa. Hapo ndipo wengi wanapoingia katika ile ya wizi.

Kwa anayeanza bila fedha ipo LMMS, ya bure kwa leseni ya namna ile ile ya Audacity. Unapanga ngoma, besi na kinanda kwa kipanya. Haikutengenezwa kwa ajili ya kurekodi sauti ya mtu, kwa hiyo biti ikikamilika mnaitoa kama WAV, mnaiingiza Audacity, na waimbaji wanaimba juu yake. Ni safari ya hatua mbili, lakini yote halali na yote ya bure.

Maoni yetu, na wengine watatupinga: kwaya zetu zinakimbilia biti mapema mno. Wimbo wa Kinande wenye makofi na ngoma ya mkono ukiwekewa kinanda cha kompyuta unafanana na nyimbo mia nyingine. Urekodini kwanza kama ulivyo.

KAZI YA DIJEI

Sasa tuwageukie vijana wanaotaka kupiga kwenye harusi, mahafali na sherehe za kanisa. Kwenu tunapendekeza Mixxx. Nayo ni ya bure, inanakiliwa kihalali, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na haihitaji intaneti wakati wa kazi. Jambo hilo la mwisho ni kubwa kwa sherehe inayofanyika milimani ambako mtandao unakuja na kuondoka. VirtualDJ pia ni nyepesi na inajulikana sana, na ni bure kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya malipo. Ukianza kulipwa, leseni yake inataka ulipe.

Skrini ya Mixxx ina sahani mbili, moja kushoto na moja kulia. Wimbo mmoja unasikika na watu, mwingine unauandaa. Kuusikiliza huo wa pili kwa hedifoni kabla ya watu kuusikia, unahitaji njia mbili za sauti. Laptopu nyingi zina moja, basi nunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Njia moja iende kwenye spika, nyingine kwenye hedifoni zako. Bila hiyo utakuwa unabahatisha mbele ya wazazi wa bibi harusi.

Programu itakuonyesha kasi ya kila wimbo kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 96 na wa mapigo 100 vinaweza kukutana: unaongeza ule wa kwanza kwa asilimia 4 hivi, unasubiri mahali pa kiitikio, unapitisha taratibu. Washa kile kitufe kinacholinda ufunguo wa sauti, la sivyo waimbaji watapanda sauti kama watoto. Lakini kompyuta inakosea sana katika nyimbo za kwaya zilizopigwa kwa mkono, kwa sababu mpigaji ngoma wetu anaharakisha roho ikipanda. Hapo usitegemee kitufe cha kulinganisha. Acha wimbo uishe, hesabu moja mbili, ingiza mwingine. Watu waliokuja kucheza hawatakulaumu kwa sekunde moja ya kimya. Watakulaumu kwa ngoma mbili zinazopigana.

Kuna vijana wanaosema bila mashine kubwa hakuna muziki. Waangalie wenzao wa Dar es Salaam. Singeli, muziki wa mbio unaopita mapigo 200 kwa dakika, ulikuzwa kwenye vistudio vya mitaani kwa kompyuta za kawaida, na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso zilitolewa kimataifa kwa jina Sounds of Sisso. Si muziki wa ibada, na baadhi ya wazee wetu wangeshika masikio. Tunataja vifaa walivyotumia tu.

Tena, anayelipwa kwa kupiga nyimbo za wengine ajue kwamba Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na kipo chama cha kukusanya haki za wanamuziki, UPRS, tangu 1985. Ulizeni kabla ya kufungua biashara. Sheria hiyo inawalinda ninyi pia: wimbo uliotungwa na mwanakwaya ni mali yake, hata kama mtunzi ni mkimbizi.

KAMA MNA SIMU TU

Familia nyingi hazina kompyuta, na hazitaipata mwaka huu. Simu inatosha kuanza. Iwekeni katika hali ya ndege, ili mtu asipige katikati ya ubeti wa pili. Tumieni kinasa sauti kilichomo, mkiiweka simu juu ya kitambaa, wala si juu ya meza tupu inayotetemeka. Kama mipangilio inawapa nafasi ya kuchagua ubora, chagueni wa juu. Kisha lipelekeni faili lenyewe kwenye kompyuta ya kanisa kwa waya au kadi ya kumbukumbu. Mkilituma kwa WhatsApp, litumeni kama dokumenti. Ujumbe wa sauti wa kawaida unabana sauti mpaka inakonda.

Wengine wanatumia BandLab kwenye simu. Ni ya bure na inapendeza, unaweza kurekodi sauti juu ya sauti. Lakini inataka akaunti na intaneti, na kazi inakaa kwenye mtandao kwa jina la mtu mmoja. Bando la data likiisha, au mwenye neno la siri akisafiri, kwaya inasimama nje.

NAKALA ZIKAE WAPI

Mafuriko ya 2013 na 2020 yametufundisha kwamba kilicho katika nyumba moja kinaweza kuondoka usiku mmoja. Kila wimbo uwe na nakala tatu, katika nyumba tatu, na nyumba hizo zisiwe katika bonde moja. Kwaya ya Kilembe iweke moja kanisani, moja kwa rafiki wa Kasese mjini, na moja kwa ndugu wa Bwera. Flashi si sanduku la chuma, nayo hufa bila kuaga. Kila baada ya miezi sita ichomekeni, msikilize wimbo mmoja, mwandike tarehe kwenye karatasi iliyofungwa nayo.

Na kabla ya kumrekodi mama mzee, mwulizeni. Mwelezeni kwamba sauti yake inaweza kufika mahali ambapo hamtaweza kuirudisha. Wako miongoni mwetu watu waliokimbia ambao hawataki sauti yao wala jina lao lisikike upande wa pili wa mpaka, na wana sababu zao. Akisema imba nami lakini usirekodi, imbeni naye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kwaya yetu, ni watu wangapi leo wanaoweza kuwasha kompyuta, kurekodi wimbo na kuutoa kama MP3 bila msaada? Kama ni mmoja, nani atakaa karibu naye kuanzia Jumamosi hii?

2. Ni nyimbo zipi zinazojulikana na mtu mmoja tu kati yetu? Andikeni majina ya nyimbo hizo na ya wanaozijua, mkianza na walio wazee zaidi na wale waliokwisha kuitwa kwa safari.

3. Programu iliyo kwenye kompyuta yetu sasa ilitoka wapi? Kama ilivunjwa kufuli, toeni kwanza nyimbo zote kama WAV kabla ya kuiondoa.

4. Nyumba ipi hapa kwetu ina kimya saa moja asubuhi? Nendeni na simu, rekodini dakika moja ya kimya katika nyumba tatu, kisha mzisikilize kwa hedifoni mkiwa pamoja.